Msiba wa Ukara usiishie makaburini

Mhariri,

Septemba 20, 2018, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitoka huko na kukaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Rais John Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihudhuria mazishi Bwisya, na viongozi wa dini za Kiislamu na Kikristo wakawaombea marehemu mahali pamoja.

Umoja ule ulitufariji sana. Lakini matanga yakianuliwa, wageni huondoka, na mjane hubaki na watoto, ada za shule na ziwa lilelile la kuvuka kila wiki.

Ndiyo maana nawaomba mashehe, mapadre na wachungaji wa Ukerewe na Mwanza mambo matatu. Kwanza, kila Septemba 20 tufanye dua ya pamoja, majina ya marehemu yasomwe yote. Pili, sadaka ya siku hiyo iende kwa yatima na wajane bila kuuliza dhehebu. Tatu, mimbari zetu zikemee waziwazi kujaza vyombo kupita kiasi, kwa nahodha na kwa abiria anayelazimisha kupanda.

Kumwombea marehemu ni ibada. Kumlinda aliye hai asife kifo kama kile nayo ni ibada, na tunadaiwa zote mbili.

Msomaji wako,
Mwanza