Mgeni wa Chumba cha Dabo
Safu ya Zubeda Nakato

Ukifika Mary Stuart, bweni la wanawake la Chuo Kikuu cha Makerere, wa kwanza kukupokea ni askari wa mlangoni. Kazi yake anaijua. Mwanamume aliyekuja kumsalimia mwanafunzi ataketi, atazungumza, na usiku ukiingia ataaga. Wanafunzi huita mchezo huo kubenchi, na wapo wazee wenye heshima zao mjini Kampala ambao uchumba wao ulianzia kwenye mabenchi hayo.

Sheria ina historia yake. Makerere ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi ya wavulana. Wanawake wa kwanza, sita tu, waliingia mwaka 1945, na kaulimbiu ya chuo iliyowahimiza wanafunzi wawe wanaume ikabidi ibadilishwe. Leo mabweni ya shahada ya kwanza yaliyoko kilimani ni tisa, sita ya wanaume na matatu ya wanawake. Mzazi anayemleta bintiye kutoka Masaka au Arua hutaka ahakikishiwe jambo moja, na hakikisho lenyewe ni yule askari.

Anahakikishiwa mzazi, lakini mwanafunzi anayelala kitanda cha pili chumbani hakumbukwi.

Hapo ndipo safu hii inapoachana na watunga sheria. Sheria huuliza mgeni ni wa jinsia gani. Haiulizi amekuja kwa siku ngapi, wala kama anayechangia chumba na mwenyeji amekubali. Hospitali ya Mulago iko kilima cha jirani, mwendo wa miguu tu kutoka chuoni. Kaka anakuja kutoka Soroti kumuuguza mama, binamu anatoka Kabale kwa ajili ya usaili wa kazi. Gesti ni gharama, na mdogo wao ana chumba. Nani mwenye uso wa kumfukuza? Anatandikiwa godoro sakafuni, asubuhi anapewa ndoo na sabuni, na wiki inakatika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila bweni halina shamba. Askari hana neno, maana huyu ni mwanamume ndani ya bweni la wanaume. Wa kuumia ni mwenye kitanda cha pili, anayeamka saa kumi na moja alfajiri kujisomea na kuruka miguu ya mtu gizani, huku akiona haya kulalamika kwa sababu mgonjwa wa watu yuko wodini.

Kwenye hosteli za watu binafsi mambo ni magumu zaidi. Mapema miaka ya 1990 Makerere ilianza kupokea wanafunzi wanaojilipia, na idadi ya wanafunzi wote ikapanda kutoka elfu chache hadi zaidi ya 30,000 bila vitanda vya chuo kuongezeka kwa kasi hiyo. Hosteli zikaota kwenye mitaa ya jirani, Wandegeya, Kikoni na Nakulabye. Mwenye uwezo huchukua singo, chumba cha peke yake; wengi hubanana dabo, wawili chumba kimoja, na kulipa nusu kwa nusu kila muhula. Kastodiani, msimamizi wa hosteli, hubandika sheria ukutani, na wapangaji hawakawii kumjua askari anayelainika.

Mgeni akiwa wa mapenzi, anayechangia chumba huombwa "akatembee kidogo". Kidogo hicho humfikisha kwa wauza roleksi wa Wandegeya, akatafuna chapati na mayai taratibu ili muda upite, kisha akabishe hodi kwa rafiki amwazime kona ya sakafu. Amelipa nusu ya chumba, na sasa yeye ndiye mgeni wa mtu mwingine.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeijua shida hii kwa sura nyingine. Uhaba wa vitanda ulizaa kubebana: aliyepangiwa kitanda humlaza asiyepata. Ni ubinadamu, hakuna ubishi, na mabweni mapya aliyoyafungua Rais Magufuli mwaka 2017 yalijengwa ili kupunguza uhaba huo. Hata hivyo, kubebana nako humwongezea mwenye kitanda cha pili mtu wa tatu chumbani, naye huenda hakuulizwa.

Kuuliza kunawezekana: vyuo vingi vya Marekani huwaandikisha wanaochangia chumba mapatano mwanzoni mwa mwaka: taa zizimwe lini, nani afagie, mgeni alale kwa siku ngapi. Mapatano hayo si dawa ya kila kitu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayemwogopa mwenzake wa mwaka wa tatu atasaini lolote atakalowekewa mbele. Ndiyo maana kastodiani, au ofisi ya mlezi wa wanafunzi, inapaswa kumsikiliza kila mmoja peke yake kabla ya kalamu kushikwa.

Wasioafiki watasema kuandikiana mapatano ya wageni ni kuwafungulia vijana mlango wa uasherati. Sivyo. Askari abaki mlangoni na mabweni ya wanawake yabaki na utaratibu wake. Kinachoongezwa ni kwamba kila mgeni wa kulala, wa kiume au wa kike, ndugu au mchumba, aandikwe kwenye daftari la getini pamoja na idhini ya mwenye kitanda cha pili, na usiku wa tatu uwe wa mwisho. Wenye hosteli wakilalamika kwamba hayo ni makaratasi mengi, wakumbushwe orodha zao ndefu za faini za majiko ya umeme na vioo vilivyovunjika. Chini ya orodha hizo mistari miwili ya sahihi inatosha.