Mashujaa wa michezo ya video: Nani hupima miili yao?

Kitongoji cha Umbilo, mjini Durban, kinajulikana zaidi kwa barabara yake ndefu inayopita karibu na hospitali iliyokuwa ikiitwa King Edward VIII na chuo cha utabibu chenye jina la Nelson Mandela.

Pamoja na mitaa jirani ya Glenwood na Albert Park, ni miongoni mwa sehemu za jiji hilo la Afrika Kusini ambako Kiswahili husikika madirishani na vinyozini. Wanaokizungumza ni wakimbizi na wahamiaji waliotoka mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na nchi nyingine za Afrika Mashariki.

Wengi wa watoto wao hukua wakibadilisha ndimi mara kadhaa kwa siku: Kiswahili mezani, Kizulu mtaani, Kiingereza darasani.

Mwezi Aprili mwaka 2024 ulitoka mchezo wa video unaowagusa watoto hao kwa namna ya pekee. Mchezo huo, Tales of Kenzera: Zau, ulibuniwa na studio ya Surgent iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Anayetaka huweza kuucheza akisikiliza sauti za Kiswahili.

Shujaa wake, Zau, ni mganga kijana. Miongoni mwa viumbe anaokabiliana nao ni Impundulu, ndege wa radi anayesimuliwa na Wazulu na Waxhosa.

Jambo la kwanza linalomshika mtazamaji ni tofauti ya maumbo. Zau ni mwembamba, mwepesi wa kuruka. Mizimu anayoiendea ni mikubwa kiasi cha kuijaza skrini. Hana kifua cha mbeba magunia wala mikono ya bondia.

Uamuzi huo unaweza kuonekana mdogo. Hata hivyo, historia ya michezo ya video inaonyesha kuwa mwili wa shujaa haupatikani kwa bahati. Huamuliwa na uwezo wa mashine, kanuni za mchezo, fedha za mtengenezaji, na mtazamo wake juu ya watu wa aina mbalimbali.

Kofia na masharubu

Mwanzoni, aliyeshika kipimo alikuwa mashine. Mario alipojitokeza kwa mara ya kwanza katika mchezo wa Donkey Kong mwaka 1981, mbunifu wake Mjapani, Shigeru Miyamoto, alikuwa na vitone vichache mno vya kumchorea mtu.

Kofia ilimwepusha na kazi ya kuchora nywele, na masharubu yakaitenga pua na kidevu. Ufupi na unene wa Mario, unaotambulika leo duniani kote, una asili yake katika uhaba huo.

Mwaka 1985, katika Super Mario Bros., ukubwa wa mwili uligeuka kuwa kipimo cha uhai. Shujaa aliyepata uyoga alirefuka maradufu, na aliyeguswa na adui alirudi kuwa mdogo. Ndugu yake, Luigi, alikuwa na umbo lilelile kwa rangi tofauti. Ilikuwa mwaka 1988, katika toleo la pili la Marekani, ndipo alipopewa urefu na wembamba wake, akiwa na uwezo wa kuruka juu zaidi.

Hapo ndipo umbo lilipoanza kuwa tabia. Mchezaji alijua, kabla ya kubonyeza kitufe chochote, kwamba mrefu ataruka na mnene atatulia.

Michezo ya mapigano iliikamilisha kanuni hiyo. Katika Street Fighter II ya mwaka 1991, Zangief, mpiga mieleka wa Kirusi, ni jitu lenye nguvu za kutisha linapomkamata mtu. Lakini ni mzito wa kutembea, na mwili wake mpana ni shabaha rahisi. Chun-Li ana nguvu pungufu, ila miguu yake ina kasi.

Kwa hiyo ukubwa ulikuwa na faida na gharama yake. Katika mchezo uliosawazishwa vizuri, hakuna mwili ulio bora kuliko mwingine. Kuna mchezaji anayeujua mwili wake na asiyeujua.

Misuli ya nani?

Mizani hiyo, hata hivyo, haikugawa maumbo kwa watu wote kwa usawa.

Katika Street Fighter II hiyohiyo, mtu mweusi alikuwa bondia wa miraba minne asiyejua ila ngumi, na mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa maadui wanne wa mwisho ambao mchezaji hakuweza kuwachagua. Katika Final Fantasy VII ya mwaka 1997, Barret, mwanamume mweusi pekee katika kundi la mashujaa, ndiye mwenye kifua kipana kuliko wenzake, na mkono wake mmoja ni bunduki.

Barret ana huzuni yake, ana mtoto anayemlea kwa mapenzi, na ana hoja za kisiasa. Lakini kinachomtangulia ni misuli.

Mwaka huohuo wa 1997, Tekken 3 ilileta sura tofauti: Eddy Gordo, Mbrazili mrefu, mwembamba, anayepigana kwa capoeira, sanaa iliyoasisiwa na Waafrika waliofanywa watumwa nchini Brazil. Nguvu yake ilikuwa mizunguko na mwendo. Vijana wa Afrika Mashariki waliokulia katika vibanda vya PlayStation wanakumbuka jinsi alivyogombaniwa.

Kisha mwaka 2004 akaja Carl Johnson, maarufu kwa jina la CJ, katika Grand Theft Auto: San Andreas. Mwili wake uliachwa mikononi mwa mchezaji. Akila ovyo, hunenepa na kukimbia kwa shida. Akienda kunyanyua vyuma, misuli hututumka na ngumi zake huwa nzito. Akishinda njaa, hukonda na misuli ikapungua.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wachezaji wengi kumwona shujaa mweusi ambaye mwili wake ni matokeo ya siku alizoishi. Hakika mazingira yake yalikuwa yaleyale ya magenge na bunduki. Lakini swali la mwili huo ungekuwaje lilimhusu yeye na mchezaji wake.

Wanawake na kipimo chembamba

Ikiwa mwanamume mweusi alipewa mwili mkubwa mno, mwanamke alipewa mwili wa namna moja tu.

Lara Croft wa Tomb Raider, aliyebuniwa na studio ya Core Design ya Derby, Uingereza, mwaka 1996, alikuwa msomi, jasiri na hodari wa kupanda majabali. Lakini kiuno na kifua chake vilichorwa kwa kipimo ambacho ni nadra kukiona kwa binadamu, na matangazo ya biashara yalivikazia macho. Mwaka 2013, mfululizo ulipoanzishwa upya, alipewa umbo linalokaribia la mwanariadha wa kawaida. Mauzo hayakuanguka kwa sababu hiyo, mfululizo uliendelea.

Sababu za kiufundi hutajwa pia, nazo si za kupuuzwa. Mwili wa mhusika wa kidijitali hujengwa juu ya kiunzi cha mifupa, na kila mwendo, kuanzia kukimbia hadi kufungua mlango, hutengenezwa kwa kiunzi hicho. Wahusika kumi wakiwa na kiunzi kimoja, kazi hufanywa mara moja. Kila mmoja akiwa na kimo na unene wake, kazi huongezeka, kwani mkono hautafika kwenye kitasa na nguo itatoboka begani.

Hata kamera ina sauti yake. Katika michezo ambamo tunamtazama shujaa kutoka mgongoni, mwili mpana huziba njia.

Hoja hizi zinaeleza kwa nini miili hufanana. Hazielezi kwa nini kiunzi kile kimoja kilichochaguliwa huwa cha mwanamume mwenye misuli au mwanamke mwembamba. Uchaguzi huo hufanywa na watu walioketi mezani.

Sungura na Liyongo

Kwa msikilizaji wa hadithi za Kiswahili, mjadala huu si mgeni hata kidogo.

Sungura wa ngano zetu ni shujaa mdogo kuliko wote. Hawezi kushindana na tembo kwa uzito wala na simba kwa meno, kwa hiyo hushindana kwa maneno. Waliosimulia ngano hizo walikuwa watu waliojua kuishi chini ya wenye nguvu, na walimpa ushindi yule aliyefanana nao.

Upande wa pili yupo Fumo Liyongo, jabali la pwani ya Pate na mto Ozi, ambaye utenzi wake ulitungwa mwaka 1913 na Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu. Liyongo ni mrefu na mwenye nguvu zisizomithilika. Lakini masimulizi hayaishii kwenye misuli. Liyongo ni mshairi, hutoroka kifungoni kwa akili na ngoma, na mwishowe huuawa kwa sindano ya shaba inayochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe.

Mwili ule mkubwa ulikuwa na mahali padogo pa kufa, na aliyepajua ni yule aliyempenda. Wazee wetu, kwa maneno mengine, walikuwa na mashujaa wa vimo vyote, na kila kimo kilikuwa na maana.

Mwili kama cheti

Mjini Durban, suala hili lina uzito unaozidi burudani.

Wakimbizi wengi waliofika na vyeti vya ualimu au vyuo vikuu wameishia kulinda magari katika maegesho ya maduka, kwa kuwa vyeti vyao havikutambuliwa au hati zao za ukimbizi hazikuwafungulia milango ya ajira. Katika kazi ya ulinzi, kinachosomwa kwanza ni mabega.

Mwili uleule unaoajiriwa mchana kwa kuwa ni mkubwa huogopwa usiku kwa sababu hiyohiyo. Mwezi Mei mwaka 2008, na tena mwezi Aprili mwaka 2015, wageni kutoka nchi za Afrika walishambuliwa Durban na vitongoji vyake, na maelfu wakalala katika kambi za muda. Walioshambuliwa walitambuliwa kwa lafudhi, kwa sura na kwa maumbo, kabla ya mtu kuuliza majina yao.

Kijana anayekulia katika hali hiyo, akiwa na simu au mashine ya kuchezea mkononi, hupewa kitu ambacho mzazi wake amenyimwa: nafasi ya kuuchagua mwili, au walau ya kuonekana kwa zaidi ya mwili. Akikuta kwamba kila anayefanana naye ni pande la mtu lenye bunduki, amefundishwa somo lilelile la kwenye maegesho.

Haitakuwa sahihi kudai kwamba mchezo mmoja humfanya mtoto ajichukie au ajipende. Lakini picha inayorudiwa kwa miaka huwa mazoea, na mazoea huwa kipimo ambacho mtu hujipimia bila kujua.

Wanaochora wenyewe

Jibu limeanza kutolewa barani humu, japo kwa fedha kidogo.

Nchini Kenya, Wesley Kirinya alitoa mwaka 2007 mchezo wa Adventures of Nyangi, ambao shujaa wake ni mwanamke wa Kiafrika. Kiro'o Games ya Yaoundé, Cameroon, ilitoa Aurion mwaka 2016, kisa cha mwanamfalme aliyepinduliwa siku ya kutawazwa na anayesafiri pamoja na mkewe.

Studio ya Free Lives ya Cape Town ilikwenda njia ya mzaha. Broforce ya mwaka 2015 iliwachukua majabali wa filamu za Marekani, wale wenye misuli ya kupindukia, ikawafanya vijitu vidogo vinavyokufa kwa risasi moja. Nayo Nyamakop ya Johannesburg, katika Semblance ya mwaka 2018, ilitoa shujaa asiye na umbo la mtu: ni tonge laini linalofinyangwa, katika ulimwengu unaofinyangika vilevile.

Studio hiyohiyo mwaka 2025 ilitangaza Relooted, mchezo ambao shujaa wake ni mwanamke wa Afrika Kusini anayeongoza kikosi cha kurudisha vitu vya kale vya Kiafrika vilivyo katika majumba ya makumbusho ya Magharibi. Silaha yake ni mpango mzuri na miguu myepesi.

Ukitazama kazi hizi pamoja, hazikuja na mwili mmoja mpya wa kuchukua nafasi ya ule wa zamani, na pengine hapo ndipo thamani yake ilipo. Kumwondoa pande la mtu na kumweka mwembamba kila mahali kungekuwa kubadilisha sare tu.

Changamoto iliyobaki ni ya fedha. Studio ndogo ndizo zinazohitaji zaidi kuokoa gharama, na kiunzi kimoja kwa wahusika wote ni kishawishi kikubwa kwao. Studio ya Surgent yenyewe ilitangaza kupunguza wafanyakazi miezi michache baada ya Zau kutoka.

Zau humwendea mungu wa mauti, Kalunga, kwa ajili ya baba yake aliyefariki, na Abubakar Salim ameeleza kwamba kisa hicho kilitokana na msiba wa baba yake mwenyewe. Huzuni ya namna hiyo haihitaji kifua kipana ili iaminike. Mtoto wa Umbilo anayeisikia kwa Kiswahili anapata kumwona mtu aliyepewa mwili mdogo na jambo kubwa la kubeba.

Wanaoketi mezani kuchora mashujaa wajao watalazimika kujibu kama nafasi hiyo ni yake peke yake, au ni ya kila mwenye mwili, mkubwa kwa mdogo.