Mzigo au Bunduki?

Juzijuzi nilikuwa Tabora kumsalimia babu. Nikaazima baiskeli ya mjomba, nikapiga pedali hadi Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Siku hizi ni makumbusho.

Kichwani nilikuwa na maneno ya mshikaji wetu wa kijiweni. Kila siku anatamba eti kijana ambaye hajashika bunduki bado mtoto. Na mimi, nisiwafiche, nilikuwa namkubalia.

Sasa sikilizeni. Zamani kijana wa Kinyamwezi alipimwa kwa mzigo. Unajitwika pembe ya ndovu, unatembea miezi mpaka pwani, unarudi na nguo. Ambaye hajaiona pwani, wenzake walimcheka.

Halafu magobori yakajaa. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aligombana na Waarabu wa Unyanyembe, waliokuwa upande wa Mtemi Mkasiwa. Mnyamwezi kwa Mnyamwezi! Agosti mwaka huo watu wa Mirambo wakachoma sehemu ya Tabora. Stanley, aliyekuwa hapahapa Kwihara, akatoboa kuta za tembe apate matundu ya kupigia risasi.

Waliokuwa mstari wa mbele ni rugaruga. Vijana wa rika letu, jamani! Wengi walikuwa mateka au watoro, watu wasio na kwao. Walivaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, wakavuta bangi kuua woga. Mshahara wao ulikuwa nyara: bila kuvamia, hakuna kula.

Bomba, siyo? Ngoja kwanza. Mirambo alifariki mwaka 1884, na dola lake likasambaratika. Aliyejifunza ukubwa kwa kupora afanye nini tena? Baadaye Wajerumani nao walikodi rugaruga kwenye vita vyao. Bunduki ileile, bwana mwingine. Na mwaka 1996 kule Kongo, vitoto vilivyoitwa kadogo vilibebeshwa silaha vikamfuata Kabila.

Jioni nikamwuliza babu, uanaume ni upi? Akacheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu, wamekuja wachumba wawili. Mmoja karudi na nguo alizotembelea miezi. Mwingine karudi na nguo alizomvua maiti. Dada yako utamwozesha nani?"

Nilinyamaza. Swali hilo nampelekea mshikaji kijiweni. Na ninyi akina dada, mngemchagua yupi?

Haya, tukutane wiki ijayo!