Soma Kwanza, Betri Baadaye

Peleka gari gereji useme taa ya injini inawaka na kuzima, uone kitakachotangulia: spana namba kumi kwenye terminali ya betri. Dakika chache baadaye taa haipo, unalipa, unaondoka. Nawaomba mafundi wetu waiache tabia hii, na sisi wenye magari tuikatae.

Kompyuta ya gari ikigundua hitilafu huandika namba yake, na mara nyingi huhifadhi pia hali ya injini ya wakati uleule: mwendo, mizunguko, joto la maji, uzito wa kazi. Kwa taa inayoonekana leo na kesho haipo, huyo ndiye shahidi pekee. Kuchomoa betri kunamfuta.

Mimi nafuata vitunguu Ruaha Mbuyuni kuvileta Iringa mjini, kwa gari dogo la Kijapani la 2011. Taa ilikuwa ikipepesa katikati ya mlima Kitonga, gari likikatakata. Nikifika Ilula imezima, na gereji injini inanguruma bila kosa. Fundi mmoja alitaka tubadili sensa ya oksijeni, mwingine pampu ya mafuta. Nikanunua kisomaji kidogo cha bluetooth, kile kinachochomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani na kusomwa kwa simu. Orodha ya hitilafu zilizothibitishwa ilikuwa tupu. Nikafungua ya pili, ya zile zinazosubiri kuthibitishwa, nikaikuta P0303: silinda ya tatu inamisi. Kumbukumbu yake ilisema kilomita 34 kwa saa, mizunguko 3,100, maji nyuzi 97. Kitonga hiyo, gia ndogo, mzigo nyuma.

Nikahamishia koili ya silinda ya tatu kwenye ya kwanza, na ya kwanza kwenye ya tatu. Mlimani namba ikaja P0301. Ugonjwa ulikuwa umehama na koili, kwa hiyo koili ndiyo iliyonunuliwa. Ingebaki P0303, ningegeukia plagi, kisha nozeli, kisha kupima kompresheni.

Orodha hiyo ya pili wengi hawaifungui, na ndiyo yenye siri ya taa hizi. Kwa hitilafu nyingi kompyuta husubiri kosa lijirudie safari ya pili ndipo iwashe taa, na zikipita safari tatu mfululizo bila kosa huizima yenyewe. Taa kuzima si gari kupona. Kupepesa nako ni jambo jingine kabisa: petroli isiyoungua inaingia kwenye masega ya bomba la moshi na kuyaharibu kwa joto. Ondoa mguu kwenye mafuta, tafuta mahali salama, simama.

Wapo mafundi wazoefu wanaosema namba zinapotosha, na wana hoja. P0171 inakwambia hewa imezidi mafuta. Haikwambii kama ni mpira uliopasuka, chujio la mafuta lililoziba au sensa ya hewa yenye vumbi. Mtu akisoma namba akakimbilia dukani atatupa fedha. Lakini hapo ndipo fundi anapohitajika kweli, na anahitajika akiwa na ushahidi mkononi. Mwambie tikisa waya hii injini ikiwa sailensa, sikiliza mpira ule, atakuonyesha ujuzi ambao mashine haina.

Magari mengi ya soko la Japani, hasa ya kabla ya 2008, hayaelewani na visomaji vya bei nafuu. Wenye magari hayo hawana njia ila mashine ya gereji, na ndiyo maana ombi langu linawaelekea mafundi zaidi. Simu yenye kamera mnayo. Pigeni picha kioo cha mashine, namba na kumbukumbu yake, mumtumie mwenye gari kabla terminali haijaguswa.