Ngozi Yetu Nayo Iingie Maabara

Ngozi ya mwanadamu, ambayo aghalabu twaithamini kwa uzuri wake, imepewa kazi iliyo kubwa kuliko uzuri, nayo ni kuyahifadhi maji ya mwili yasipotee na kuzizuia sumu na vijidudu vya nje visipenye ndani; na karibu kazi hiyo yote imewekewa utando wa juu kabisa, ambao katika sehemu kubwa ya mwili ni mwembamba kuliko karatasi, uliojengwa kwa seli zilizokwisha kufa, zikapangwa kama mawe ya ukuta wa nyumba ya Lamu, na penye chokaa pakawa na mafuta ya namna tatu: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Mafuta hayo yakipungua, ngozi hukauka na kuwasha, na mtoto mwenye pumu ya ngozi hukesha akijikuna.

Kwa miaka mingi wenye kutaka kujua ni kitu gani kinachoidhuru ngozi waliwatumia sungura, kwa njia waliyoieneza John Draize na wenzake mwaka 1944, ilhali ngozi ya sungura si ngozi ya mtu. Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green, huko Marekani, walifaulu kuzikuza seli za ngozi ya binadamu katika sahani ya maabara. Na baadaye ikadhihirika kwamba seli hizo, zikilishwa kwa chini na kuachwa zipate hewa kwa juu, kwa muda wa wiki mbili hivi hujipanga zenyewe tabaka juu ya tabaka, na zile za juu hufa na kuwa magamba, kama zifanyavyo mwilini. Umoja wa Ulaya, ambao tangu 2013 umekifungia soko lake kila kipodozi kipya kilichojaribiwa kwa wanyama, usingaliweza kusimama imara katika amri hiyo pasipo ngozi hizi.

Haziko sawa na ngozi halisi, wala haifai kudai hivyo: mafuta yake hayajasongamana barabara, na kwa hiyo dawa hupenya kwa wepesi zaidi. Lakini zina fadhila moja adhimu, kwamba mtafiti aweza kuondoa kitu kimoja tu na kuviacha vingine vyote mahali pake. Mwaka 2006 wataalamu wa Dundee, Uskochi, walipobainisha kwamba kasoro katika jeni ya protini iitwayo filagrini huwaelekeza watu kwenye pumu ya ngozi, wenzao waliinyamazisha jeni hiyo katika ngozi za maabara ili waone ukuta utapungukiwa na nini, na majibu yao hayakupatana yote.

Hapa ndipo moyo wangu unapoumia. Kasoro hizo, ambazo kaskazini mwa Ulaya huchukuliwa na karibu mtu mmoja katika kila kumi, zilitafutwa kwa wagonjwa wa Ethiopia, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 zilikuwa adimu mno. Basi huenda watoto wetu wajikuna kwa sababu nyingine, na sababu hiyo haitapatikana katika ngozi iliyokuzwa kwa seli za watu wa mbali peke yao.

Seli zenyewe hupatikana mara nyingi katika magovi ya watoto waliotahiriwa, nasi twatahiri kila siku. Sisemi zichukuliwe kwa siri, hasha. Mzazi aelezwe kwa lugha anayoifahamu, aombwe ridhaa, na atakayependa kulizika govi la mwanawe aachiwe haki yake. Moshi, katika hospitali ya KCMC, pana kituo ambacho tangu 1992 kimewafundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na ambacho hutengeneza mafuta ya kuwakinga ndugu zetu wenye ualbino na jua. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo serikali zetu za Afrika Mashariki zingechangia maabara ya kukuzia ngozi. Kazi yake ya kwanza nisingeitafuta mbali: ichukue mikorogo ya kujichubua inayouzwa mitaani, yenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi, iipake juu ya ngozi iliyokuzwa kwa seli zetu wenyewe, kisha itueleze ukuta huo umepoteza mafuta kiasi gani, na kama hurejea hali yake mpakaji akiacha.