Kwa baiskeli hadi Pangani: kabla hujakataa

Mwanao ana miaka 15, na wenzake wamepanga kutoka Tanga hadi Pangani kwa baiskeli, walale kwenye hema ufukweni. Mzazi, usikatae haraka. Ni takriban kilomita 50, na kijana aliyezoea baiskeli anazimudu. Kinachotisha zaidi, ukiacha malori, ni joto.

Hewa ya pwani ina unyevu, jasho halikauki upesi, hivyo mwili haupoi vizuri. Waondoke saa 12 asubuhi, kuanzia saa 5 wakae kivulini, waendelee saa 10 jioni. Wanywe kidogo kidogo bila kusubiri kiu. Madafu ni mazuri, lakini pakiti za ORS ziwemo mkobani, zichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa, si kwa chupa yoyote iliyopo mkononi.

Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, safari isimame. Akiyumba au kuongea mambo yasiyoeleweka, hiyo ni dharura: awekwe kivulini, avuliwe shati, amwagiwe maji na kupepewa, huku gari la kumpeleka hospitali likitafutwa. Asilazimishwe kunywa. Shida ni kwamba vijana huona aibu kusema wamechoka mbele ya wenzao. Awepo mtu mzima, na mwendo uwe wa yule wa nyuma kabisa.

Hema lipigwe juu ya mstari wa mwani ulioachwa na maji. Wakati wa bamvua bahari hupanda kuliko siku nyingine. Chandarua kisisahaulike. Na akipata homa wiki moja au mbili baadaye, apimwe malaria, hata akisisitiza kwamba ni uchovu wa baiskeli tu.