Sauli Alihitaji Barnaba



Kuna swali ambalo watu huniletea kwa kunong'ona, ibada ikishaisha. Kijana ameokoka. Anahudumu kanisani, KCSE alipata C, na moyo wake uko katika uuguzi. Lakini miaka michache iliyopita alisimama kortini akahukumiwa. Pengine aliuza chang'aa, pengine alipigana, pengine aliiba simu. Sasa anasikia neno "cheti cha maadili mema" na magoti yanalegea. "Mchungaji, hii ndoto niizike?"

Mpendwa, usiizike. Lakini kesi yako pia usiizike.

Kuna mtu atakuambia, "Wewe ni kiumbe kipya. Ukiulizwa kwenye fomu kama umewahi kuhukumiwa, andika hapana." Hiyo si imani. Huo ni uongo uliovaa suti ya Jumapili. Mungu amekusamehe kabisa, nami nahubiri hivyo bila kupunguza neno. Hata hivyo, alama za vidole vyako bado ziko kwa DCI. Mwingine atakuuzia cheti bandia mtaani. Kumbuka kwamba kughushi hati ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na linaweza kukupeleka jela hadi miaka 3. Utaingia na kesi moja utoke na mbili.

Tena usichukie kuulizwa. Fikiria kazi yenyewe. Nesi hubaki usiku na mgonjwa asiyeweza hata kujigeuza kitandani. Hushika ufunguo wa kabati la dawa kali. Husikia siri ambazo mgonjwa hajamwambia hata mume wake. Siku mama yako atakapolazwa, utataka anayemshika mkono awe mtu wa kweli. Kwa hiyo swali la mwenendo wako si vita vya adui. Ni ulinzi wa mtu dhaifu, na Mungu wetu huwatetea walio dhaifu.

Basi fanya nini?

Kwanza, ijue rekodi yako. Wengi wanaogopa kivuli. Kushikwa na polisi si sawa na kuhukumiwa. Kuna walioachiliwa na korti chini ya kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu bila kuhesabiwa kuwa na hukumu. Kuna walioshtakiwa wakiwa watoto, na sheria haimtazami mtoto kama mtu mzima. Omba cheti kupitia eCitizen, upigwe alama za vidole, usome kilichoandikwa. Usikisie.

Pili, uliza kabla ya kulipa karo. Chuo, iwe KMTC au kingine, ni mlango wa kwanza. Mlango wa pili ni Baraza la Wauguzi la Kenya, kwa maana ndilo linalotoa mtihani wa leseni na kusajili wauguzi. Waandikie wote wawili, ueleze kosa, mwaka, adhabu, na maisha yako tangu siku ile. Ni uchungu kusoma miaka mitatu, mzazi ameuza ng'ombe, halafu ukagonga ukuta mwishoni.

Tatu, kwa aliyekwisha kuhukumiwa, Katiba katika ibara ya 133 inamruhusu mtu yeyote kumwomba Rais msamaha, na kuna kamati ya kumshauri. Njia hiyo ni ndefu na haina ahadi, lakini ipo.

Nami nitasema ukweli wote. Yako makosa, kama kumdhulumu mtoto au mgonjwa, ambayo yanaweza kufunga mlango huu, na ni haki ufungwe. Kufungiwa wodi si kufungiwa mbingu. Neema itakutafutia kazi nyingine ya mikono yako.

Sasa nageuka kwa kanisa.

Somo Matendo 9. Sauli ameokoka kweli, lakini akifika Yerusalemu wanafunzi wanamkimbia. Walikuwa na sababu, kwa maana aliwaburuta watu gerezani. Ni Barnaba aliyemshika, akampeleka kwa mitume, akasimulia jinsi alivyokutana na Bwana njiani na jinsi alivyohubiri kwa ujasiri Dameski. Barnaba hakusema, "Huyu hajawahi kukosa." Alitaja yaliyotendeka.

Sisi tunapenda ushuhuda. Aliyekuwa mwizi akishika maikrofoni Jumapili, tunapiga vigelegele. Jumatatu akihitaji barua ya kupeleka chuoni, simu ya mzee wa kanisa haishikwi! Tunamwambia Mungu amemwamini, lakini hesabu ya sadaka hatumwiti. Kanisa lisilothubutu kumpa ufunguo wa stoo litaiambiaje hospitali impe ufunguo wa dawa?

Mzee wa kanisa, kiongozi wa vijana, mpe kazi inayoonekana. Mtazame mwaka mzima. Kisha andika barua ya kweli: amefanya hiki, kwa muda huu, pesa hizi zilipita mkononi mwake na hazikupungua. Usiandike ambayo hukuyaona, kwa maana barua ya uongo itamharibia yeye na wote watakaokuja nyuma yake.

Na wewe unayeogopa, usibaki na swali hilo peke yako. Nenda kwa kiongozi wako wiki hii, ueleze yote, usibakize. Sauli alikuwa na wito, lakini bado alihitaji mtu wa kumshika mkono.

Bwana akupe ujasiri wa kusema kweli, na akuinulie Barnaba. Amina.